Nilikomenti ukweli kwenye posti ya wifi, sasa ukweni hawanisemeshi

Anti, shikamoo.

Mimi ni mama wa watoto wawili, naishi Igoma, Mwanza. Nauza dagaa. Nawanunua Mwaloni Kirumba, nawachambua, wengine nawakaanga, nawafunga kwenye pakiti na kuwatuma kwa basi kwa wateja wa Dodoma, Arusha na Dar. Mume wangu ni fundi wa kuchomelea, kwao ni Ukerewe. Mama yake bado yuko kisiwani, na kazi yake tangu ujana ni hiyo hiyo ya dagaa: ananunua asubuhi mitumbwi ikiingia, anaanika, anauza kwa ndoo kwa wachuuzi.

Wifi yangu mkubwa anaishi Dar. Mwezi uliopita alikwenda nyumbani kusalimia, akarudi na video, akaiweka Facebook. Mama mkwe kainama, ufagio mkononi, anageuza dagaa waliotandazwa mchangani, ziwa linaonekana nyuma yake. Chini wifi kaandika: "Dagaa halisi wa nyumbani, wa jua la Ukerewe. Oda zinapokelewa." Watu wakaanza kusifia. Wa Kigoma wakaja na maneno yao ya siku zote, kwamba dagaa ni wa kwao, hawa wa kwetu ni vijiti. Mkenya mmoja wa Kisumu akasema hao ni omena tu, mnabishana nini. Watu wanacheka, raha mustarehe.

Na mimi nikaandika: "Wifi, hawa wa mchangani huku tunawauzia wenye kuku. Wa kula binadamu ni wa chanja." Nikaweka na kicheko. Anti, kila aliyewahi kufika Mwaloni anajua kwamba wa chanja, wale walioanikwa juu ya vichanja vya nyavu, ndio wenye bei. Sikumtukana mtu.

Wifi akajibu: "Asante mtaalamu. Hao wa kuku ndio waliomsomesha mumeo."

Basi. Wakaja wa "naleta kiti na karanga", wakaja wa "mawifi wamekutana", wakaja watu ambao hata dagaa hawali. Mimi nikajibu, nikajibiwa, nikajibu tena, mpaka usiku. Kuna mtu nisiyemjua kachukua picha yangu ya wasifu, nimempakata mwanangu mdogo, kaiweka pale na kuandika "muuza dagaa mwenyewe mtoto kakonda hivi". Mwingine anasema nitashtakiwa kwa sheria ya mtandao, naharibu biashara ya mtu.

Lililoniuma zaidi ni la mume wangu. Hakuniambia neno. Nikashtukia na yeye kaandika pale pale, mbele ya watu wote: "Naomba radhi kwa niaba ya mke wangu, hajui alichoandika." Tulikuwa kitanda kimoja, Anti. Nimeisoma kwenye simu yangu, yeye amegeukia ukutani.

Mama mkwe alipelekewa skrinshoti, mjukuu akamsomea. Tangu hapo nikipiga hapokei. Jumapili alimpigia mume wangu, wakaongea vizuri, mwisho akasema "wasalimie wajukuu". Mimi sikutajwa. Shemeji ambaye ni admini kanitoa kwenye grupu la ukoo.

Mume anataka nifute. Mimi nasema nikifuta nitakuwa nimekubali kwamba nilisema uongo. Je, mtu anaomba radhi kwa kusema kweli? Na huyo wa picha ya mtoto nimfanyeje?

Mama wawili, Igoma

JIBU

Marahaba, mwanangu.

Barua yako ina maneno mawili uliyoyataja mwanzoni kabisa, kisha hukuyarudia tena: "nauza dagaa". Ulipofika kwenye ugomvi ulikuwa umeshageuka mpita njia aliyeona kitu akasema kweli yake. Wifi yako hakumwona mpita njia. Alimwona muuza dagaa wa Igoma akiingia kwenye tangazo la muuza dagaa mwingine, biashara ndiyo kwanza inafunguliwa, wateja wamesimama, akawaambia mali hii ni ya kuku. Hebu fikiri uko Mwaloni na magunia yako, mteja kashatia mkono ndani anakagua, na jirani wa pili anamwambia kwa sauti, "hao tunawauzia wenye kuku," kisha anacheka. Ungekaa kupima kama ni kweli au ungemtafuta mwenye maneno?

Tungekuwa tunabishana kuhusu usafi wa samaki kwa jumla, ungekuwa na haki ya kusema unalolijua, hata kwa wifi. Lakini pale ulikuwa na maslahi, na hukuyasema. Aliyekufahamu akasoma wivu wa biashara. Asiyekufahamu akasoma mke wa kaka anayemdharau mama mkwe. Hakuna hata mmoja aliyesoma habari za chanja, na ndiyo uliyotaka wasome.

Halafu na huo ukweli wenyewe tuupepete kidogo.

Chanja ni bora, hapo sikubishii. Dagaa wakiwa juu, upepo unapita chini na juu, wanakauka upesi, mchanga haushiki, mbuzi na mbwa hawapiti juu yao. Mnunuzi akitia mkono kwenye gunia akakuta hakuna changarawe, anaongeza bei. Wewe unaishi kwa tofauti hiyo ya bei na unaijua kuliko mimi.

Lakini "wa mchangani ni wa kuku"? Hapana, hapo umeongeza chumvi. Kwenye chakula cha kuku wanaishia hasa wale walioharibika, popote walipoanikwa: walionyeshewa kabla ya kukauka, waliobadilika rangi, waliovunjika vunjika mpaka hakuna wa kuchambua. Mvua haiulizi umeanika wapi. Masika, wingu likitanda mchana, hata mwenye chanja anahangaika na turubai. Na wa mchangani aliyepata jua zuri, akapepetwa, akalowekwa, akaoshwa maji mawili matatu, analiwa na watu. Nusu ya watu wazima wa mwambao huu tumekuzwa naye, kwa ugali wa udaga, na tunakumbuka ile punje ya mchanga inayolia kwenye jino. Ni kero, sikatai. Lakini hatukuwa kuku.

Jingine unalijua ila siku ile ulilisahau. Chanja ni mtaji. Zinatakiwa nguzo, fito, nyavu, misumari, na mahali pa kuzisimamisha pasipo na mwenyewe wa kukufukuza. Anayenunua ndoo chache asubuhi na kuziuza jioni, hiyo hela ataitoa kwenye faida ipi? Tena usiku wa giza dagaa wakijaa kwenye taa na mitumbwi ikarudi imelemewa, hata chanja za walio nazo zinajaa, dagaa wanaobaki wanatandazwa chini. Ukija mwezi mpevu, taa haziwavuti tena, watu wanakaa siku kadhaa bila kazi na walichoweka akiba kinaliwa. Mama mkwe wako ameishi ndani ya mzunguko huo miaka yote na amesomesha mtoto. Wifi yako alikujibu kwa mpasho, ila kwenye mpasho ule hesabu zilikuwa sahihi kuliko zako.

Unadhani ulimwandikia wifi. Kwenye video ile mikono inayoonekana ni ya nani? Wifi yuko Dar, yeye kashika simu tu. Aliyeinama na ufagio ndiye uliyemwambia anaandaa chakula cha kuku, na alisomewa na mjukuu wake. Hilo ndilo la kuomba radhi, na halihusiani na nani anajua kuanika.

Sasa tuje kwenye kufuta. Mumeo anataka ufute, mimi sitaki, japo sababu yangu ni tofauti na yako. Facebook, ukifuta komenti yako ya kwanza, majibu yote yaliyoandikwa chini yake yanaondoka nayo. Na jibu la wifi litaondoka. Kesho utaambiwa umefuta maneno yake, na zile skrinshoti zitaanza kuzunguka upya zikiwa na kichwa kipya cha habari: kakimbia. Acha komenti pale, ila ihariri. Toa sentensi ya kuku. Watu wanaweza kubonyeza wakaona ulichoandika awali, na waone, hiyo ndiyo faida yake: ataonekana mtu aliyerekebisha, hakuficha. Kisha andika mara moja tu, chini yake, kitu kama hiki:

"Mimi ni wifi yake na mimi pia nauza dagaa, nilipaswa kusema hivyo tangu mwanzo. Maneno ya kuku nimeyaondoa, hayakuwa ya kweli wala ya heshima kwa mama. Mwenye kutaka dagaa wa Ukerewe aagize kwa wifi."

Ndiyo, na hilo la mwisho uliandike. Najua litakuwasha vidole.

Baada ya hapo usijibu mtu. Hata akuite jina gani. Januari 2018 Facebook wenyewe walitangaza kwamba posti zinazozua mazungumzo kati ya watu ndizo watakazozisogeza mbele zaidi. Maana yake usiku ule ulipokuwa unajibu na kujibiwa, ulikuwa unaitembeza video ya wifi yako kwenye simu za watu ambao asingewafikia. Kama oda zake zimepanda, mshukuru wewe mwenyewe. Na jiulize kwa nini hakuifuta komenti yako. Mwenye posti anaweza kufuta komenti ya mtu yeyote chini ya posti yake. Aliiacha. Huenda kwa hasira, huenda kwa akili ya biashara, mimi simjui. Lakini usimwone kama aliyeonewa peke yake, wala usimwone mwerevu peke yake.

Usichukue somo kwamba komenti ni mahali pa kunyamaza. Wale wa Kigoma waliosema dagaa wetu ni vijiti, mbona hakuna aliyenuna? Wanazungumzia samaki mwingine kabisa wa ziwa jingine, nasi tunawajibu hivyo kila mwaka, na ubishi haujaisha wala hatutaki uishe. Yule wa Kisumu naye alisema kweli tupu, omena ndiye huyu huyu dagaa wetu, ziwa ni moja. Walibishana na kila mtu akaenda kulala salama kwa sababu hakuna aliyekuwa na mama yake pale katikati, wala meza ya biashara. Nenda huko ubishane mpaka uchoke. Nasikia hata kwenye posti yenu mmoja alishauri uende Ukerewe ukaombe radhi "kwa sababu daraja limeshafunguliwa", watu wakaacha dagaa wakaanza kumfundisha jiografia: Daraja la Kigongo–Busisi, lile la kilomita 3 lililofunguliwa Juni 2025, linatoka Misungwi kwenda Sengerema, ukifika ng'ambo unaelekea Geita. Ukerewe ni upande mwingine kabisa. Ubishi wa namna hiyo ni burudani, na mtu anaondoka amejifunza njia.

Ila ushauri wa kwenda ulikuwa mzuri, alikosea barabara tu.

Nenda. Usipige simu tena, hapokei, na akipokea utasema haraka haraka kwa kuogopa salio na aibu. Uko Igoma, barabara ya Musoma inapita hapo hapo: panda gari mpaka Bunda, ukate kwenda Kisorya, uvuke kwa kivuko mpaka Rugezi. Au shuka mjini upande meli ya Nansio, kama tumbo lako linavumilia mawimbi. Beba kitenge, sukari, sabuni, vitu anavyopelekewa mama mkwe na mkamwana anayejua alikotoka. Nenda na mtoto mdogo. Usibebe dagaa wa chanja kama mfano, nakujua kwa barua moja tu na ninakuona ukiwapima.

Ukifika, msalimie kwa heshima zake zote, kaa chini, subiri mpaka maji ya kunywa yaje na habari za safari ziishe. Usianze na "kama nimekukosea". Anajua umemkosea. Sema: "Mama, niliandika maneno ya kuidharau kazi yako mbele ya watu. Nimekuja unisamehe." Ukomee hapo. Usimweleze ulikuwa na maana gani, usimtaje wifi, usiseme jinsi ulivyotukanwa. Anaweza kukaa kimya. Anaweza kukuambia chukua ufagio ukawageuze, jua linakimbia. Akikuambia hivyo, shika ufagio.

Habari ya kumjengea chanja usiiguse safari hiyo. Mumeo ni fundi wa kuchomelea, fremu za chuma anaweza kumtengenezea mama yake hata mbili, na zitadumu kuliko fito. Nimejiuliza muda mrefu kwa nini katika nyumba yenye fundi na muuza dagaa wa chanja wazo hilo halijawahi kumfikia mtu. Lakini ukifika nalo siku ya radhi itakuwa umerudia komenti ile ile kwa mdomo. Liache litoke kwa mumeo, baadaye sana, kama lake.

Kwa wifi, mpigie mwenyewe baada ya kutoka kwa mama, sauti kwa sauti. Habari za ujumbe wa maandishi kati yenu ziishe kwa sasa. Grupu la ukoo usiombe kurudishwa. Mama akikutaja kwenye salamu zake, shemeji atakurudisha bila kuombwa.

Sasa huyo wa picha. Hilo ni jambo jingine kabisa na usilichanganye na la dagaa, maana hapo hukumkosea mtu. Leo, kabla hujafanya jingine lolote, piga skrinshoti inayoonyesha jina la akaunti, picha, maneno na tarehe, uhifadhi na kiungo chake. Ndipo uripoti kwa Facebook kwamba ni picha ya mtoto wako imetumika bila ridhaa yako kumdhihaki. Mwombe na wifi aifute. Ni posti yake, na mtoto ni wa kaka yake. Akiifuta bila maswali, tayari mmeshaanza kupatana. Mtu huyo akiendelea kukuandama, Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015, kifungu cha 23, inamhusu anayemtumia mtu ujumbe kwa nia ya kumtisha, kumsumbua au kumuumiza moyo, na adhabu yake ni faini isiyopungua shilingi milioni 5, au kifungo kisichopungua miaka 3, au vyote viwili. Nenda kituo cha polisi na ushahidi wako.

Yule anayekutishia wewe kwa sheria hiyo hiyo usimjibu. Kusema chanja ni safi kuliko mchanga ni maoni, tena maoni ya mtu wa kazi hiyo. Sentensi ya kuku ndiyo iliyokuwa mbovu, na hiyo unaiondoa.

Amebaki baba watoto. Mtu anayeomba radhi kwa niaba yako Facebook huku amekupa mgongo kitandani, na yeye ana la kujibu. Alitaka mama yake na dada yake waone yuko upande gani, na alipoandika "hajui alichoandika" alikufanya mtoto mbele ya wateja wako. Mwambie hivyo, bila kelele, watoto wakilala. Mwambie komenti ile aifute, ya kwake haina majibu ya maana chini yake ya kupotea. Na kwa mama yake mwende pamoja. Akisema ana kazi nyingi karakana, mwambie utamsubiri amalize.